Kabla ya kubomoa kuta za madarasa, tujue zilikuwa zinafanya kazi gani

Mwaka 2025 waziri wa elimu wa New Zealand, Erica Stanford, alitangaza kwamba serikali yao haijengi tena madarasa ya wazi, yani zile kumbi kubwa ambazo watoto wa madarasa mawili matatu wanakaa pamoja na walimu wao wote humo humo bila ukuta katikati. Na hii ni nchi iliyokuwa mstari wa mbele kwenye huo mtindo, hasa baada ya matetemeko ya Christchurch ya 2010 na 2011 ambapo shule kibao zilibidi zijengwe upya. Malalamiko yaliyorudi ni kelele na watoto kushindwa kutulia. Basi watu wa kuta nne wakashangilia, watu wa madarasa ya wazi wakasema waziri anaturudisha enzi za babu, na mimi nikiwasoma naona pande zote zina hoja ila zinagombania kitu cha pili, cha kwanza kipo pale pale hakuna anayekigusa.

Tuanze na hawa wa madarasa ya wazi maana siku hizi wanasemwa sana. Hoja yao sio ya kipuuzi. Darasa tulilolizoea, mlango mmoja, ubao mbele, madawati yamepangwa mistari, limejengwa kwa kazi moja tu: mmoja aongee na wengine wasikilize. Ukitaka watoto wafanye kazi kwa makundi unaanza kuburuza madawati dakika kumi, ukimaliza kengele inagonga. Mtoto anayetaka kona atulie na kitabu chake hana pa kwenda. Na mwalimu mwenyewe anaweza kufundisha miaka ishirini bila kumuona mwenzake wa chumba cha pili anafundishaje, amefungiwa humo peke yake na watoto wake. Kwenye nafasi ya pamoja walimu wawili wanaweza kugawana kazi, mmoja anaendelea na somo, mwingine anakaa na wale wachache walioachwa nyuma. Hilo ni jambo zuri na sijawahi kusikia mtu wa kuta nne akilijibu vizuri.

Shida ni kwamba hii movie tulishaiona. Miaka ya 60 na 70 Marekani na Uingereza walijenga shule za wazi kwa mbwembwe kweli kweli, na kilichofuata kinachekesha ukikifikiria: walimu walianza kusukuma makabati, rafu za vitabu na mbao za matangazo mpaka wakajitengenezea vyumba vyao tena. Kufika mwishoni mwa miaka ya 70 shule nyingi zilikuwa zinarudisha kuta zenyewe, kwa gharama. Mwalimu akishaanza kusukuma kabati kuziba upande, hiyo ni ripoti tosha ya tathmini. Tatizo lilikuwa jengo lilibadilika peke yake. Ratiba ile ile, mitihani ile ile, mwalimu hakufundishwa namna ya kufundisha pamoja na mwenzie, alipewa tu ukumbi akaambiwa haya, shirikianeni.

Na tuseme ukweli, kuna nyakati wazo la uwazi linapendwa ofisini kwa sababu ambazo hazina uhusiano na elimu. Ukuta ni hela, mlango ni hela, na ukumbi mmoja unameza watoto wengi bila mtu kuona kwamba wamezidi. Darasa la wazi likifanywa inavyotakiwa linadai hela nyingi zaidi, sio chache: dari ya kunyonya sauti, zulia au sakafu laini, vyumba vidogo vya pembeni, nafasi kubwa kwa kila mtoto, na muda wa walimu kupanga pamoja. Ukisikia mtu anauza uwazi kama njia ya kubana matumizi, ujue hapo elimu haipo.

Sasa hicho kitu cha kwanza ninachosema. Ni sauti, hewa na mwanga. Vitu vya kuchosha kabisa, havitoki vizuri kwenye picha, hakuna mgeni rasmi anayekata utepe wa kipimo cha mwangwi.

Chukua sauti. Kuna shule moja ya msingi Manhattan, New York, PS 98, iliyokuwa karibu na reli ya treni ya juu. Madarasa ya upande mmoja yalikuwa yanaangalia reli, ya upande wa pili yamejificha. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Arline Bronzaft na mwenzake Dennis McCarthy wakachapisha walichokikuta pale: treni inapita kila baada ya dakika nne na nusu hivi, kelele darasani zinafika desibeli 89 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), mwalimu inabidi apaze sauti au anyamaze asubiri ipite, halafu arudi kwenye sentensi yake. Watoto wa darasa la sita wa upande wa reli walikuwa nyuma karibu mwaka mzima kwenye kusoma ukilinganisha na wenzao wa upande wa kimya. Jengo moja, mtaala mmoja, tofauti ni umekaa upande gani wa korido. Baadae mamlaka ya treni ikaweka mipira chini ya reli na yale madarasa yenye kelele zaidi yakawekewa dari ya kunyonya sauti, Bronzaft akarudi kupima, na utafiti wake wa 1981 ukaonyesha lile pengo limepotea. Hakuna falsafa ya ufundishaji iliyobadilishwa pale, ni mpira na dari tu!

Kwanini mtoto aumie hivo wakati mtu mzima anaweza kusikiliza redio kwenye basi? Kwa sababu mtu mzima akikosa neno anajaza mwenyewe kutokana na lugha anayoijua, mtoto wa miaka saba hana hiyo akiba bado, neno likipotea limepotea. Na kelele haitoki nje tu. Chumba chenye sakafu ya saruji, kuta za plasta, vioo vikubwa na dari ngumu, sauti ya mwalimu inagonga huku na kule, silabi ya kwanza haijafa ya pili imeshafika, inakuwa uji. Ndo maana kiwango cha Marekani cha 2002 kwa darasa la kawaida kinataka kelele za chinichini zisizidi desibeli 35 watoto wakiwa hawamo, na mwangwi uwe umekufa ndani ya sekunde 0.6. Na darasa la wazi linaongeza kelele mbaya kuliko zote, ambayo ni maneno ya mwalimu wa jirani. Feni ikivuma utaizoea, lakini mtu anayesimulia hadithi mita tano kutoka ulipo masikio yatakwenda tu hata ukiyakataza.

Kuna watakaonitajia shule ya chekechea ya Fuji pale Tachikawa, Tokyo, iliyojengwa 2007 na Takaharu na Yui Tezuka. Jengo la duara lililovutika, paa lake watoto wanakimbia juu kuzunguka na kuzunguka, chini hamna kuta za kutenganisha madarasa, miti imeachwa ikapenya katikati ya paa. Wasanifu wake wanatetea kelele waziwazi, wanasema mtoto ameumbwa kuishi kwenye sauti. Na inaonekana pale inafanya kazi, sibishi. Lakini ni chekechea, watoto wanacheza, hakuna anayesikilizishwa maelezo ya kugawanya sehemu nusu saa nzima. Kuchukua mpango wa chekechea ukaupeleka sekondari kwa sababu picha zake zimekuvutia ndo mwanzo wa matatizo.

Darasa la kuta nne nalo lisijifanye halina dhambi. Kila mtu anaijua ile saa nane mchana, darasa limejaa, madirisha yamefungwa, macho yanashuka yenyewe, mwalimu anadhani ni uvivu. Hewa ya nje ina kabonidayoksaidi kama sehemu 420 kwa kila milioni, chumba kilichojaa watu bila hewa kuzunguka kinapita 1,000 kiulaini tu, na hapo ujue mnapumuliana. Basi fungua madirisha! Sawa, lakini dirisha ulilofungua linaleta hewa na kelele za barabarani kwa pamoja, na lile kubwa linaloleta mwanga linaleta pia joto na mng'ao kwenye ubao mpaka wa pembeni hawaoni kitu. Kazi ya msanifu wa shule iko hapo kwenye kupatanisha hivyo vitu vinavyogombana, huko kwenye umbo la ajabu la jengo ni mapambo.

Kwenye mwanga pia kuna funzo la kutokukimbilia takwimu. Mwaka 1999 kampuni ya Heschong Mahone ilitoa utafiti kutoka wilaya ya shule ya Capistrano, California, ulioonyesha watoto wa madarasa yenye mwanga mwingi wa asili walisonga mbele haraka zaidi kwa asilimia 20 kwenye hesabu na 26 kwenye kusoma ndani ya mwaka mmoja. Dunia nzima ya wasanifu ikaishika hiyo namba. Timu hiyo hiyo ikarudia kazi Fresno, humo humo California, ikatoa ripoti 2003, na safari hii mwanga wenyewe haukuonyesha nguvu ile, kilichojitokeza ni kwamba kuona nje kwa uzuri kunasaidia na mng'ao unaumiza. Kwa hiyo anayekwambia weka vioo kila mahali kwa sababu utafiti umesema, muulize utafiti upi.

Utafiti ninaouamini zaidi ni wa Peter Barrett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, 2015, walioangalia madarasa 153 kwenye shule 27. Walikadiria kuwa sifa za darasa lenyewe zinaelezea asilimia 16 hivi ya tofauti za maendeleo ya watoto kwa mwaka, na karibu nusu ya hiyo ni mwanga, joto na hewa. Kilichonifurahisha ni kwamba kilichokuwa na uzito ni chumba anachokaa mtoto, sio ukubwa wa ukumbi wa kuingilia wala mandhari ya shule kwa ujumla. Na hata mapambo yana kikomo, kuta zilizobandikwa picha na chati mpaka hakuna upenyo zinasumbua kama zilivyo kuta tupu kabisa. Asilimia 16 sio kila kitu, mwalimu anabaki kuwa mwalimu, lakini ni nyingi mno kuiachia bahati.

Mfano wa kinyume cha mbwembwe ni shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, ya msanifu Francis Kéré, ilimalizika 2001, ikapata tuzo ya usanifu ya Aga Khan 2004, na mwenyewe 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya wasanifu duniani. Ukiingia ndani ni darasa la kawaida kabisa, kuta, viti, ubao. Kilichobadilika ni paa. Bati halikai juu ya vichwa vya watoto, limenyanyuliwa kwa vyuma vyembamba mbali na dari ya matofali, joto linapanda linapita kwenye matundu ya dari, upepo wa kati ya dari na bati unalifagia. Bati limetokeza mbali nje ya kuta ili mvua isile matofali, maana ni ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, yamefyatuliwa na wanakijiji wenyewe. Hakuna aliyepoteza mda kubishana darasa liwe wazi au lifungwe, walimaliza suala la joto kwanza.

Je kuna njia ya katikati? Ipo na ni ya zamani kuliko huu ugomvi. Crow Island, Winnetka, jimbo la Illinois, 1940: madarasa yenye umbo la herufi L, ule mkono mfupi ni pa kazi za mikono, kila darasa lina choo chake na mlango wake wa kutokea nje, viti na vitasa vimepimwa kwa urefu wa mtoto. Hayo hayakushuka kutoka mbinguni, msanifu Lawrence Perkins alikwenda kukaa madarasani akaangalia kinachoendelea, na walimu waliandika wanachotaka kabla mchoro haujakamilika. Herman Hertzberger akaja kufanya kitu cha jamaa moja pale Delft, Uholanzi, kwenye shule ya Montessori, yani ya ule mfumo ambao mtoto anajifunza kwa kujifanyia mwenyewe, aliyoimaliza 1966. Umbo la L tena, na madarasa yanafungukia ukumbi wenye jukwaa la matofali katikati, halihamishiki, watoto wanalikalia, wanalichorea, wanalichezea maigizo. Mtoto ana kuta zake na ana pa kutoka.

Mimi ningesimama hapo: darasa lenye mlango unaofungika kweli, kona ya pembeni, na nafasi ya pamoja nje ya mlango. Ila nakubali mitindo ya kufundisha itabadilika tena na jengo litakuwa bado lipo. Kwa hiyo nguzo na boriti ndo zibebe paa, kuta za ndani zisibebe kitu, na nyaya na mabomba yasipitishwe humo, ili kizazi kingine kikitaka kuzihamisha kihamishe bila kuita mhandisi wa kuokoa jengo. Na mkiamua kuweka ukuta wa kukunja katikati ya madarasa mawili, msiusaini kwa kuuangalia. Mtu mmoja asimame upande huu asome kwa sauti ya kawaida ya kufundishia, mwingine akae upande wa pili na karatasi aandike anachokisikia, na kama ameweza kuandika sentensi nzima basi mkandarasi asilipwe mpaka arudi kuziba.