Ten Hag mpeni timu, pochi msimpe

Jumapili ya Oktoba 27, 2024 nililiacha lori la viazi likipakiwa pale Uyole, nikadandia bajaji mpaka Mwanjelwa kuwahi mechi ya saa 11 jioni, West Ham na Manchester United. Banda umiza lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Nikasimama nyuma, mikono bado ina udongo wa Isyonje, na kipindi chote cha kwanza nikaamini siku hiyo tunashinda kwa mvua ya mabao. Diogo Dalot akampita kipa, goli likabaki tupu mbele yake, akapaisha. Banda zima likashika kichwa. Nafasi nyingine zikaja, nazo zikapotea. Kipindi cha pili Crysencio Summerville akatutangulia dakika ya 74, Casemiro akasawazisha, halafu dakika za nyongeza VAR, yaani waamuzi wa video, ikawapa West Ham penalti na Jarrod Bowen akaiweka wavuni. Mechi ikaisha 2-1.

Kesho yake kocha wetu wa United, Erik ten Hag, akafungashiwa virago. Timu ilikuwa ya 14, pointi 11 kwa mechi 9.

Mabishano yaliyoanza jioni ile kijiweni kwetu hayajawahi kuisha. Yalikuwa yamepoa, tukarudi kwenye mambo ya Mbeya City kupanda daraja, lakini Septemba 1, 2025 waajiri wake wapya, Bayer Leverkusen ya Ujerumani, nao wakamtimua baada ya mechi mbili tu za Bundesliga, ligi kuu ya kule. Hakuna kocha aliyewahi kufukuzwa mapema hivyo msimu ukianza kwenye ligi ile. Basi moto ukawaka upya. Fundi makenika wa jirani yangu, shabiki wa Arsenal, alikuja na hukumu yake tayari: "Kaka, huyu amekwisha. Kafukuzwa England, kafukuzwa Ujerumani, sasa ataenda wapi?" Vijana wa bajaji wakamuunga mkono wote. Mimi nilibaki peke yangu na msimamo ambao naona niuandike wote, maana kijiweni mtu humalizi sentensi.

Msimamo wangu ni huu. Ten Hag ni kocha mzuri na ni mnunuzi mbaya. Manchester alianguka kwa sababu walimpa kazi zote mbili.

Mimi naishi kwa kununua viazi. Nanunua Isyonje, wakati mwingine nafika Kikondo, napeleka Dar. Kazi hii imenifundisha kitu ambacho watu wa mpira hawapendi kukisikia: anayejua kulima si lazima ajue kununua. Gunia la viazi ukiliangalia juu ni zuri siku zote. Vile vikubwa vimepangwa juu, vinang'aa. Unatakiwa uingize mkono mpaka kwenye kiwiko, ukavipapase vya katikati na vya chini, ndipo utaje bei. Miaka kadhaa iliyopita kuna mkulima mmoja wa kule, bingwa kweli wa shamba, mbegu yake watu walikuwa wanaifuata kwa foleni. Alipopata hela kidogo akaamua na yeye anunue, apeleke mzigo mjini. Akanunua kwa majirani zake tu. Aliwajua, mashamba yao aliyajua, akaona hakuna haja ya kuingiza mkono. Wao nao walijua kwamba hatakwenda kwingine, wakampangia bei. Mtaji wake uliisha msimu uleule, na mpaka leo shambani hakuna wa kumgusa.

Sasa angalieni Manchester. Mwaka 2020 Ajax ya Uholanzi, klabu aliyokuwa anaifundisha Ten Hag kabla ya kuja kwetu, walimchukua winga Antony kutoka São Paulo kwa kama euro milioni 16. Miaka miwili baadaye Ten Hag, ambaye alikuwa amemfundisha mwenyewe, akaenda kumchukua shamba lilelile, na United wakatoa karibu euro milioni 95. Viazi vilevile. Kipa André Onana, Ajax walimwachia akaenda Inter bila ada mwaka 2022, mwaka mmoja baadaye sisi tukamlipia zaidi ya pauni milioni 40. Lisandro Martínez akatoka Ajax. Matthijs de Ligt na Noussair Mazraoui wakaja kutoka Bayern mwaka 2024, nao wote wawili aliwalea Ajax. Simsemi vibaya Martínez, yule ni mpiganaji na namheshimu, na Mazraoui ametusaidia. Nasema tu kwamba mtu anayenunua kwa majirani zake kila dirisha la usajili hajui bei ya soko, na wauzaji wakishamjua wanampandishia.

Kule Ajax hakuwa na kazi hiyo. Mkurugenzi wa soka alikuwa Marc Overmars. Ni katika kipindi chake Dušan Tadić alitoka Southampton na Daley Blind akarudishwa kutoka kwetu Manchester, wote mwaka 2018. Ten Hag alipewa mzigo ulioshachaguliwa akaambiwa pika. Naye akapika. Mwaka 2019 waliwafunga Real Madrid 4-1 Bernabéu, wakaenda Turin wakawatoa Juventus, De Ligt akiwa nahodha wa miaka 19, na kama si Lucas Moura wa Tottenham kufunga sekunde za mwisho kabisa pale Amsterdam, wangecheza fainali ya Ligi ya Mabingwa. Ubingwa wa Uholanzi akauchukua mara tatu. Mtu aliyefanya hayo huwezi kuniambia hajui mpira.

Na hata Manchester, msimu wa kwanza ulionesha. Alianza kwa kufungwa na Brighton nyumbani, wiki iliyofuata Brentford wakatupiga 4-0. Nakumbuka siku hiyo nilitoka bandani kabla ya kipindi cha pili kuisha. Mechi ya tatu akaifunga Liverpool 2-1. Cristiano Ronaldo alipoleta maneno, Novemba ikaisha hayupo klabuni. Tukamaliza wa tatu, na Februari 2023 tukachukua Kombe la Ligi mbele ya Newcastle, kombe la kwanza tangu 2017. Ndiyo, katikati ya hapo kuna zile 7-0 tulizopigwa na Liverpool pale Anfield, na sitajifanya sikuziona. Lakini timu ilikuwa na sura.

Msimu wa pili ndio uliomhukumu, na hapa nakubaliana na fundi kuliko anavyodhani. Nafasi ya 8. Mabao ya kufunga 57, ya kufungwa 58. Ligi ya Mabingwa tukashika mkia kwenye kundi lenye Bayern, Copenhagen na Galatasaray. Kilichokuwa kinaniuma zaidi ni kile nilichokuwa nakiona kwa macho kila wiki. Washambuliaji wanakwenda kukaba juu kabisa, mabeki wanabaki nyuma wanaogopa mbio, na katikati panabaki uwanja mtupu ambao hata bajaji ingegeuza. Casemiro, umri umeshakwenda, anaachwa peke yake kulinda eneo la watu watatu. Siku ya Brentford, Machi 2024, walitupigia mashuti 31, sare ya 1-1 ikawa kama ushindi. Nusu fainali ya Kombe la FA tunaongoza 3-0 dhidi ya Coventry, timu ya daraja la pili, wanarudisha zote, tunaokolewa na penalti. Hilo shimo halikununuliwa na mtu. Lilikuwa la kocha, na aliliacha miezi na miezi akisema majeruhi wakirudi mambo yatakaa sawa. Majeruhi walikuwepo kweli, Luke Shaw na Martínez walikosekana karibu msimu mzima. Lakini kocha akikosa mabeki wa kupanda juu, anawashusha washambuliaji. Yeye hakushusha.

Halafu Mei 25, 2024 huyohuyo akapanga timu ikamfunga Manchester City 2-1 Wembley, mabao ya Garnacho na Kobbie Mainoo, vijana wawili ambao hakuna aliyewanunua kwa mamilioni. Mainoo alikulia palepale kwenye akademi, Garnacho alifika akiwa na miaka 16. Kwa siku moja alilifunga lile shimo, akawashusha wote, akashambulia kwa kushtukiza. Ndiyo maana nasema anajua kulima. Mpe mbegu na jembe, mwondolee pochi.

Mabosi nao wana lao. Baada ya fainali ile walizunguka kuzungumza na makocha wengine, wakakosa, wakarudi kumwongezea mkataba hadi 2026. Hawakufika hata Novemba. Kumfukuza yeye na benchi lake kuliigharimu klabu pauni milioni 10.4. Na aliyefuata, Ruben Amorim, akamaliza msimu ule nafasi ya 15 kwa pointi 42, akapoteza na fainali ya Europa League mbele ya Tottenham. Wapo wanaoitumia hiyo kumsafisha Ten Hag: "Umeona? Nyumba yenyewe imeoza." Mimi sisafishi kwa sabuni hiyo. Sehemu kubwa ya kikosi alichokuta Amorim kilikuwa kile alichokinunua Ten Hag.

Sasa hili la Leverkusen. Mwalimu mmoja mstaafu hapa kijiweni, shabiki wa Tanzania Prisons asiye na timu Ulaya, alinisikiliza siku nzima akiwa na kahawa yake, mwishoni akauliza kwa upole: "Mwanangu, kule Ujerumani nani alikuwa ananunua?" Nikamjibu, "Mkurugenzi, mzee wangu, Simon Rolfes." Akasema, "Sasa pochi hakuwa nayo, mbona kafukuzwa?"

Alinibana, na sikuwa na jibu la haraka. Nimelala nalo siku mbili. Jibu langu leo ni kwamba zile mechi mbili sizihesabu. Leverkusen ile ya kocha Xabi Alonso, iliyochukua ubingwa 2024 bila kupoteza mechi ya ligi, haikuwepo tena. Alonso alikwenda Real Madrid. Florian Wirtz na Jeremie Frimpong wakaenda Liverpool, Jonathan Tah akaenda Bayern, Granit Xhaka akaenda Sunderland. Ni kama kumkabidhi mtu shamba wiki moja baada ya kuvuna halafu ukamuuliza viazi viko wapi. Alifungwa 2-1 na Hoffenheim, akatoka 3-3 na Werder Bremen. Ile sare ilikuwa mbaya, tusidanganyane: alikuwa anaongoza 3-1, na Bremen walibaki kumi uwanjani. Lakini kama kocha anapimwa kwa dakika 180 za ligi, basi tusiite tena hii kazi ya ukocha. Waliomfukuza walimchagua wenyewe miezi michache kabla. Mzee hakuridhika sana, akatikisa kichwa, na namwachia haki yake.

Kwa wanaosema aliyefukuzwa mara mbili amekwisha, nawakumbusha jina moja ambalo fundi wangu wa Arsenal hapendi kulisikia. Unai Emery alitimuliwa Arsenal Novemba 2019, watu wakamcheka hata namna anavyosalimia. Mei 2021 aliichukua Europa League na Villarreal kwa kutufunga sisi United penalti 11-10. Halafu akaenda Aston Villa akaipeleka Ligi ya Mabingwa. Carlo Ancelotti alifukuzwa Bayern 2017, akafukuzwa Napoli 2019, kisha akachukua Ligi ya Mabingwa 2022 na 2024 na Real Madrid. Na tazameni Emery alifaulu wapi zaidi: Sevilla, makombe matatu ya Europa mfululizo, na anayenunua pale alikuwa Monchi. Villa wakamleta Monchi huyohuyo mwaka 2023. Emery anafundisha, mwingine anaingiza mkono kwenye gunia.

Sisi wa Mbeya tulishaliona hili hapa kwenye uwanja wetu wa Sokoine bila kwenda Ulaya. Msimu wa 2013/14 Mbeya City ilipanda Ligi Kuu, timu ya halmashauri, kocha Juma Mwambusi. Hakukuwa na hela za kumnyang'anya Simba mchezaji. Vijana wengi hatukuwa tunawajua majina mpaka walipoanza kufunga. Wakamaliza wa tatu, nyuma ya Azam na Yanga, mbele ya Simba. Nakumbuka mji ulivyokuwa zambarau, watu wanatembea kwa miguu kutoka Iyunga kwenda uwanjani. Ule ulikuwa ukocha mtupu, kazi ya kiwanja cha mazoezi. Ten Hag wa Ajax namfananisha na hilo. Wa Manchester alikuwa mtu aliyepewa kitabu cha hundi akakisoma kama kitabu cha mazoezi.

Juzi mzee alirudi kwenye swali lake. "Wewe ungempeleka wapi?" Nikamwambia Uholanzi au Ujerumani, klabu ya katikati ya msimamo, yenye mkurugenzi mkali asiyeogopa kumwambia huyu kijana wa Ajax hatumchukui, na yenye vijana wa akademi wa kina Mainoo. Asisajili hata kipa. Fundi akasema yeye angempa mechi 10. Mimi ningempa misimu miwili.