Tukitaka Nyumba za Asili Zidumu, Tuwape Mafundi Wake Kazi

Kila yanapozuka mazungumzo ya kuhifadhi ujenzi wa asili hapa Kilimanjaro na kwa jirani zetu wa Arusha, huishia kwenye umbo la nyumba. Hoteli hujenga vibanda vya msonge bustanini, baa huezeka makuti juu ya meza za nyama choma, lango la kambi ya watalii hutundikwa ngao na mikuki, kisha tunaambiwa kwamba utamaduni umetunzwa. Mimi sikubaliani na utunzaji wa namna hiyo. Umbo la nyumba anaweza kulinakili mtu yeyote mwenye picha mkononi; lakini ujuzi wa kuchagua jiwe, kusoma mteremko wa ardhi, kukaza fito na kukandika ukuta hurithishwa kutoka mkono hadi mkono, na hurithishwa pale tu ambapo fundi ana kazi ya kulipwa mwaka hadi mwaka. Fundi akikosa kazi, mwanawe hununua pikipiki na kuwa bodaboda, na hakuna makumbusho yatakayourudisha ujuzi huo.

Chukua hayo makuti kama mfano. Mnazi haustawi huku kwetu juu, kwa hiyo makuti mengi tunayoyaona Moshi na Arusha hupandishwa kwa lori kutoka Tanga na sehemu nyingine za pwani. Sina ugomvi na watu wa pwani, ambao makuti ni ufundi wao halali na wanastahili kila shilingi wanayoipata, ila ni jambo la kusikitisha kwamba mgeni anayekuja kuona maisha ya mlimani anaketi chini ya paa la Pangani, huku mzee anayejua kuezeka kwa nyasi, anayeishi kilomita chache kutoka hapo, hajaitwa kufanya kazi hiyo tangu ujana wake.

Wala sisemi turudi kuishi katika msonge. Aliyewahi kuingia katika nyumba ya Kichagga ya zamani, mfano wa zile zinazoonyeshwa kwa wageni kule Marangu, anajua kwamba ilikuwa na akili nyingi ndani yake na pia ilikuwa na taabu nyingi. Paa lilishuka hadi karibu na ardhi, kwa hiyo mvua ya masika haikupata ukuta wa kuulowesha. Ng'ombe na mbuzi walilala ndani pamoja na watu, na joto lao lilisaidia kupunguza makali ya baridi ya mwezi wa saba. Moto uliwaka katikati, moshi ukapanda hadi darini ambako chakula na kuni zilihifadhiwa, ukazikausha nyasi za paa na kuwafukuza wadudu. Hapo ndipo penye funzo ambalo wajenzi wa vibanda vya watalii hawalioni: paa lile lilidumu kwa sababu ya moshi. Ukiliezeka leo juu ya chumba chenye vigae sakafuni na umeme, bila moto wa chini, nyasi zitashika unyevu na kuoza mapema, na wewe utasema nyasi ni dhaifu wakati ulichofanya ni kuondoa kiungo kimoja cha mfumo mzima.

Lakini ni nani leo atakayetaka mama yake akohoe moshi usiku kucha ili paa lidumu? Tena mbao za zamani hazipo. Msitu uliokuwa hifadhi ya misitu uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na ni vema umelindwa, kwa kuwa maji ya mifereji yetu yanatoka huko. Vihamba, yaani mashamba ya familia ya Kichagga yanayozunguka nyumba, navyo vimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi vingine havitoshi migomba ya kulisha nyumba moja, sembuse nyasi za kuezekea. Kwa hiyo kuchanganya ya kale na ya sasa si suala la mapenzi tu, ni lazima. Swali ni nini kichukuliwe na nini kiachwe, na nani alipwe katika mchanganyiko huo.

Kwa mahali kama Moshi, mimi ningechukua kwanza jiwe. Mlima huu ni wa volkano, na mawe yake yametapakaa mashambani, mitoni na kando ya njia. Majengo mengi ya zamani ya misheni huku mlimani yana kuta za mawe ambazo bado zimesimama wima, ingawa mabati yake yamebadilishwa mara kadhaa. Ukuta wa jiwe mnene hupokea joto la mchana polepole na kulitoa polepole usiku, jambo ambalo tofali la saruji la inchi sita haliwezi kulifanya vizuri hivyo.

Nimemtazama fundi wa mawe akifanya kazi upande wa Kibosho, na ningependa kila anayechora ramani ya nyumba amtazame pia. Halishiki jiwe la kwanza analolikuta. Huligeuza, huligonga kwa nyundo na kusikiliza mlio wake, kwa kuwa jiwe lenye ufa hulia kwa sauti butu, kisha hutafuta upande wake ulio bapa na kuuelekeza nje. Likiwa na nundu analiondoa kwa tindo, kwa mapigo mafupi, akifuata jinsi jiwe lenyewe linavyopenda kupasuka. Mawe makubwa marefu huyaweka kwenye pembe, moja likielekea huku na linalofuata likielekea kule, ili kuta mbili zishikane. Katikati hujaza vijiwe vidogo na udongo au saruji, na baada ya kila mistari miwili au mitatu hushusha timazi na kuvuta kamba. Kijana anayemsaidia, ambaye kwenye kazi nyingine angeitwa saidia fundi na kubebeshwa ndoo tu, hapa analazimika kujifunza, kwa sababu ndiye anayepeleka jiwe, na akipeleka lisilofaa linarudishwa. Baada ya nyumba moja anajua mawe. Baada ya nyumba kadhaa anaweza kusimama mwenyewe.

Tena hesabu ya fedha yenyewe ni tofauti. Saruji tunayoitumia hutoka viwandani Tanga au Wazo Hill, Dar es Salaam, nondo na mabati nayo hutoka mbali zaidi; sehemu kubwa ya fedha ya mwenye nyumba hupanda gari na kuondoka mkoani siku ileile. Katika ukuta wa mawe, sehemu kubwa ya gharama ni mshahara wa mtu aliyevunja, aliyesomba na aliyejenga, na mshahara huo hununua sukari, daftari na dawa katika kijiji hichohicho.

Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika waziwazi kwamba watu wamekuwa kama walevi wa saruji na mabati, kiasi cha kukataa matofali ya kuchoma na vigae vya udongo walivyoweza kuvitengeneza wenyewe. Naona alisema kweli, japo matofali ya kuchoma nayo yana deni lake, kwa kuwa tanuri hula kuni nyingi na miti yetu imekwisha kupungua. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukihamasisha matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine kutokana na udongo wenye saruji kidogo, bila kuchomwa. Hayo ni mazuri mahali ambapo udongo unafaa na mawe hayapo, na kikundi cha vijana chenye mashine moja ya mkono kinaweza kuishi kwa kazi hiyo.

Pale ambapo ya kisasa yanahitajika, yatumike bila aibu. Nchi yetu ya Kaskazini iko kwenye Bonde la Ufa. Wengi wetu tunakumbuka tetemeko la Julai 2007 lililoanzia upande wa mlima Gelai na kutikisa Arusha hadi Nairobi. Ukuta wa mawe usio na mshipi ni hatari katika tetemeko. Kwa hiyo nyumba ya mawe ya leo ijengewe linta ya zege yenye nondo, izunguke nyumba nzima bila kukatika, na kenchi, yaani mbao za kubeba paa, zifungwe juu yake. Uchimbaji wenyewe wa vifaa unahitaji usimamizi pia: machimbo ya moramu, udongo wa changarawe wa kujengea, ya Moshono jijini Arusha yaliporomoka Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya kumi waliokwenda kutafuta riziki. Ufundi wa asili usiomlinda mfanyakazi hauna haki ya kusifiwa.

Linalonigusa zaidi ya yote, hata hivyo, liko upande wa Umasaini, huko Monduli na Longido. Katika boma la Kimaasai mjenzi wa nyumba ni mwanamke. Yeye hukata fito, huzichomeka na kuzifunga, husuka paa, hukandika kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, na mvua ikipasua paa ndiye anayepanda kuziba. Nyumba anayoijenga inahesabiwa kuwa yake. Mume ana boma, mke ana nyumba. Sasa familia ikipata fedha na kutaka nyumba ya bati, huitwa fundi mwanamume kutoka mjini, fedha hulipwa kwa mume, na mwanamke aliyekuwa mjenzi na mwenye nyumba hubaki akichota maji ya kukorogea zege. Tunaita hayo maendeleo, na kwa upande wa mvua na moshi ni maendeleo kweli, lakini mtu mmoja amepoteza ufundi wake na mamlaka yake kwa mkupuo mmoja, wala hakuna aliyemuuliza.

Jambo hilo lingeweza kwenda kwa njia nyingine. Wanawake hao tayari wanajua kipimo cha udongo na samadi, wanajua ukuta uelekee wapi ili upepo usiingie mlangoni. Wakifundishwa kushindilia matofali ya udongo, kusimamisha ukuta kwa timazi na kufunga kenchi za paa la bati lenye mfereji wa kuvuna maji, watakuwa mafundi wa nyumba mpya kama walivyokuwa wa nyumba ya zamani. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, wakiwamo wanawake na vijana. Mara nyingi nafasi hiyo hufikiriwa kwa usafi, chakula na sare za shule. Kwa nini isiwe kwa kuta za zahanati ya Longido?

Wapo waliokwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Kule Gando, Burkina Faso, Francis Kéré alirudi kijijini kwao na kujenga shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001. Wanakijiji walifyatua matofali ya udongo wenye saruji kidogo. Dari likajengwa kwa matofali hayohayo, likaachiwa matundu ya hewa, na bati likainuliwa juu yake kwa vyuma ili joto litoke kabla ya kumfikia mtoto. Bati lipo na udongo upo, na watu waliojifunza pale wakaenda kufanya kazi kwingine. Mwaka 2022 Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima ya juu kabisa katika usanifu majengo. Mji wa Djenné nchini Mali nao unafundisha jambo jingine: msikiti wao mkuu wa udongo hukandikwa upya kila mwaka na wakazi wakiongozwa na chama cha mafundi wa mji. Kazi hiyo ya kila mwaka ndiyo inayowafundisha vijana. Jengo lisilohitaji fundi kamwe halifundishi fundi yeyote.

Hapa kwetu tunao mlango ulio wazi tayari, nao ni utaratibu wa fosi akaunti, ambapo madarasa, mabweni na zahanati hujengwa kwa kutumia mafundi wa eneo husika chini ya kamati za shule au kijiji. Fundi wa mahali anapata kazi, hilo ni jema. Lakini ramani na makadirio yanapomfikia kwa kawaida ni yaleyale, awe Rombo au pwani: tofali la saruji, lipu, bati. Fundi wa mawe wa Kibosho anaajiriwa kufanya kazi ambayo kijana yeyote anaifanya, na analipwa vivyo hivyo. Halmashauri za Moshi Vijijini, Hai, Rombo na Meru zingeomba ramani mbadala yenye ukuta wa mawe hadi usawa wa dirisha, upenu mrefu wa kulinda ukuta na dari la kuzuia kelele za mvua kwenye bati, ambazo kila mwalimu wa huku anajua zinavyonyamazisha somo, zingetoa kazi kwa mafundi wengi bila kuanzisha mradi mpya hata mmoja.

VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, nayo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo fundi aliyejifunzia kazini hupimwa na kupewa cheti. Ningependa utaratibu huo umfikie fundi mawe mwenye umri wa miaka sitini, na kisha Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza mwaka 1978 na chenye wanafunzi wa ujenzi kila mwaka, kiwapeleke wanafunzi wake wakae kwake kwa malipo. Kwa malipo, nasisitiza. Mara nyingi wasomi huja na kamera, humhoji mzee nusu siku, humshukuru na kuondoka na elimu yake.

Najua litakalosemwa: ukuta wa mawe ni wa polepole, na mwenye nyumba anataka ahamie kabla ya Krismasi, ndugu wakirudi kutoka Dar waikute imesimama. Ni kweli ni wa polepole. Lakini nyumba nyingi za tofali hapa Moshi nazo hukaa miaka bila paa, zikisubiri fedha ya mabati, majani yakiota vyumbani, kwa hiyo haraka ile mara nyingi ni ya msingi na kuta tu. Anayejenga kwa vipande hivyo anaweza kuanza na jiwe katika msingi na kozi za chini, akamaliza juu kwa tofali la kufungamana, akaweka linta na bati kama jirani yake. Amuulize fundi anayejua mawe bei ya ukuta, si bei ya siku, wakubaliane kwa mita, na amruhusu aje na kijana mmoja wa kujifunza ambaye ujira wake umo ndani ya makubaliano hayo.