Futari ya magimbi ya mtoni

Ramadhani moja wakwe walitangaza wanakuja kufuturu kwetu, Tanga mjini, nami mfuko ulikuwa unapiga miayo. Sokoni fungu la magimbi lilikuwa limepanda bei kama kawaida ya mwezi huo. Nikakumbuka kule Amboni, kando ya Mto Zigi, kuna magimbi yamejiotea kwenye tope, majani mapana kama masikio ya tembo, maji yakiyadondokea yanabiringika kama shanga. Ya bure! Nikabeba jembe.

Kumenya tu, mikono ikaanza kuwasha. Nikasema ni tope. Nikanawa, ndiyo kwanza nikaikoleza.

"Baba Zuhura, umenunua kwa nani haya?"

"Kwa mzee mmoja hivi."

Uongo wa mchana wa Ramadhani huo, na malipo yake hayakungoja Idi.

Magimbi pori yana chembe za oksaleti, kali mfano wa sindano. Jicho halizioni, koo linazihesabu moja moja. Yanataka moto wa kutosha, tena wa muda mrefu. Mimi, magharibi imenikaba, niliyachemsha haraka haraka, nikamimina tui, nikatia na iliki kwa mbwembwe.

Adhana. Tende, uji, kisha magimbi. Mama mkwe akalisifia tui. Tonge la pili akanyamaza. Baba mkwe akakohoa kidogo. Shemeji akamgeukia dada yake: "Pilipili manga ya uji umezidisha, dada." Basi kila mtu akawa anajikuna koo kwa ndani, mnaijua ile sauti, khrrr, khrrr, kama pikipiki iliyoishiwa mafuta. Jamvi zima linapiga pikipiki! Mimi natafuna, natabasamu, machozi yananitoka.

Zuhura ndiye aliyevunja adabu: "Baba, ulimi wangu una miiba."

Mama mkwe akakiinua kipande kwenye taa, akakigeuza, akakinusa.

"Baba, haya si ya mtoni haya?"

"Shikamoo mama," nikajibu. Nilikuwa nimeshamwamkia mara mbili.

Kwenye tarawehe baba mkwe, ambaye "Amin" yake huwa inasikika mpaka barabarani, aliitikia kwa kichwa.

Kesho yake jioni likaletwa hotpoti la viazi vitamu vya nazi, mtoto amekaririshwa salamu: "Bibi anasema mwambieni baba ale bila wasiwasi, hivi vimenunuliwa."