Gérard de Villiers alisikia mengi, lakini hakutuona

Juni 2012 Mfaransa Gérard de Villiers alitoa riwaya ya ujasusi kuhusu Syria, Le Chemin de Damas. Ndani yake kuna shambulio kwenye kituo cha makamanda wa serikali, karibu na ikulu. Julai 18 mlipuko ukawaua vigogo wa usalama wa Bashar al-Assad, rais wa Syria wakati huo, jijini Damascus.

Haikuwa ramli. Alianzia kwenye uandishi wa habari, na kabla ya kuandika alikuwa akipanda ndege kwenda kwenye nchi yenyewe, akaketi na wanadiplomasia, wanajeshi na mashushushu, kisha akarudi Paris kuandika. Kuanzia 1965 hadi alipofariki Oktoba 2013 alitoa riwaya 200 za mfululizo wa SAS, akimfuata Malko Linge, mwanamfalme wa Austria anayefanya kazi za CIA ili apate fedha za kukarabati kasri lake.

Wapo wanaomdharau kwa wingi huo: vitabu vinne kwa mwaka, fasihi gani hiyo? Hapo siwaungi mkono. Riwaya pendwa ina kazi yake, na kasi peke yake si kosa. Hubert Védrine, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, hakuona haya kusema kwamba anamsoma. Mwandishi anayefungua faili ambazo magazeti hayajazigusa anastahili heshima, hata akiuzwa kwenye vibanda vya stesheni.

Kinachonikaa kooni ni kingine. Jalada baada ya jalada, mwanamke kashika bunduki. Ukifungua kurasa, mara nyingi yupo ili avuliwe nguo au ateswe. Na Waafrika je? Mwaka 1967 Malko alipelekwa Burundi, katika kitabu kiitwacho SAS broie du noir. Kwa Mfaransa, broyer du noir ni kuzama katika huzuni. Lakini ukilichukua neno kwa neno, ni kusaga cheusi. Weka jina hilo juu ya hadithi ya Burundi, uone nani anasagwa. Sioni bahati mbaya hapo. Huo ni mzaha uliochaguliwa, ukachapwa, ukauzwa.

Watetezi wake husema ndivyo zama zilivyokuwa. Siukubali utetezi huo kwa mtu ambaye sifa yake kubwa ni kutega sikio kuliko wenzake. Mwaka huo Burundi ilikuwa na miaka mitano ya uhuru, na ilikuwa na mengi ya kumwambia.