Moshi wa Laphroaig sio mbwembwe

Kila wakikaa watu wa wiski lazima mmoja aonje Laphroaig, wiski ya Uskoti, akunje uso, aseme mbona hii inanuka dawa ya kidonda, na mwingine adakie eti hizo mbwembwe tu za kuuzia chupa. Wa kwanza yuko sawa kabisa. Huyo wa pili ndo nabishana naye.

Islay, kisiwa cha Uskoti inakotengenezwa, miti ya maana haina, so watu walikuwa wanachoma peti, yaani ule udongo wa kinamasi wenye mimea iliyooza nusunusu miaka na miaka, unakatwa vipande kama matofali, unaanikwa, unawaka. Ndo walipikia, ndo waliota moto, na shayiri ya pombe nayo ikakaushiwa hapohapo. Inalowekwa kwanza, inatandazwa sakafuni iote, inageuzwa kwa makoleo ya mbao mizizi isije ikashikana, halafu inapandishwa juu ya tanuri ikiwa bado mbichi, maana ikishakauka haishiki tena moshi. Chai ikiingia moshi sisi tunamwaga, wao wanaipa pipa miaka 10! Laphroaig mpaka leo sehemu ya kimea wanatandaza wenyewe sakafuni, kingine wananunua.

Harufu ya dawa ni fenoli, ukoo uleule wa kemikali ambazo madaktari wa zamani walisafishia vidonda. Hakuna aliyekaa ofisini akaibuni.

Na kama ni mbwembwe tu, mbona Peter Mackie, mwenye kiwanda jirani cha Lagavulin, ilimshinda? Alipopokonywa uwakala wa kuuza Laphroaig akawazibia maji, mahakama ikamwambia ayafungue, basi 1908 akajenga kiwanda kingine, Malt Mill, palepale Lagavulin ili aigize kila kitu. Wiski ikatoka, lakini Laphroaig haikuwa.

Anayenikosha zaidi ni Bessie Williamson. Alikuja Laphroaig 1934 kwa kazi ya muda tu ya ukatibu, bosi wake Ian Hunter alikuwa mtu wa siri hatari, kiwandani watu hawachunguzi hovyo, ila Hunter alimwamini dada huyu, mpaka alipofariki 1954 akamwachia kiwanda. Enzi hizo mwanamke kuendesha kiwanda cha wiski Uskoti ilikuwa habari nyingine. Wale ndugu wa Johnston walioanzisha 1815 tunawaheshimu, sawa, ila mimi ningeandika jina la Bessie kubwa kwenye lebo. Na wanaotaka kitu laini kisichonuka, madukani kimejaa tele, hiki cha moshi mtuachie.