Jua Lilikuwa Bado Juu kwa Kiasi cha Ngumi

Kabla sauti iliyorekodiwa na rafiki yangu wa Mombasa haijamfikia mama yangu Tanga, naomba nisahihishe jambo moja: si kweli kwamba niliadhini magharibi saa tisa alasiri. Niliadhini saa 12:19 jioni, kwa mujibu wa simu yangu, na kwa mujibu wa jedwali ambalo nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe na kulibandika kwenye mlango wa friji. Kasoro ni kwamba jua la Storm Lake, mji wa jimbo la Iowa huku Marekani, halikuwa limelisoma jedwali hilo.

Sisi tuliokulia pwani tumedekezwa na jua. Kule ukisema saa kumi na mbili jioni, umekwisha kusema magharibi. Tofauti ya kuchwa kwa jua kwa mwaka mzima haifiki saa moja, na hata saa zetu tunazihesabu kwa kulifuata. Huku Iowa, mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa 11 jioni, na mwezi Juni huzama kwenye saa 3 usiku, ukiwa na moyo wa kuuita huo usiku ilhali watoto wangali wanaendesha baiskeli barabarani. Kwa hiyo nilipoiona Ramadhani inakaribia, niliketi nikanakili saa za sala na za jua kuchwa za siku za mwanzo, nikagundua kwamba kila jioni jua linachelewa dakika moja na kidogo, kisha kwa kiburi cha mtu aliyepata alama nzuri za hesabu darasa la saba, nikajaza siku zote zilizobaki kwa kujumlisha.

Wale mnaouliza kwa nini hatukutumia programu ya adhana kama binadamu wengine, subirini, maana hapo ndipo aibu ilipochimbiwa msingi. Jumamosi tulifuturu watu wanne kwangu, na simu tatu zikaadhini kwa dakika tatu tofauti, kila mwenye simu akiitetea yake huku uji ukipoa. Mimi ndiye niliyepiga meza. Nilitoa amri kwamba kuanzia kesho simu zote zizimwe sauti na tufuate jedwali moja, la friji, ili jamaa iwe na umoja. Walikubali kwa sababu nilikuwa mwenye nyumba, na kwa sababu kaimati zilikuwa zangu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, kwetu Ramadhani tisa. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kama inavyofanyika kila Jumapili ya pili ya Machi tangu mwaka 2007, Wamarekani walisogeza saa zao mbele, saa 8 usiku ikawa saa 9 papo hapo. Ndugu zangu mlioko Phoenix, ambako jambo hili halifanywi, nawaomba msicheke sana. Simu yangu ilijisogeza yenyewe kimyakimya, bila hata kunigusa bega. Friji haikusogea.

Nyumba yangu, kama nyingi za huku, ina chumba cha chini ya ardhi ambamo watu hukimbilia kimbunga kinapokuja, na mimi nimekifanya jiko la Ramadhani ili harufu ya vitunguu isipande vyumbani. Kidirisha chake ni kimoja, kiko juu karibu na dari, na nilikuwa nimekiziba kwa boksi tangu majira ya baridi. Tulishuka humo mapema tukamenya mihogo, tukakanda, tukakaanga, taa ikiwaka, na hakuna aliyeona sababu ya kupanda juu.

Simu ilipofika 6:19, yaani saa 12:19 kwa hesabu yetu, nilinawa mikono, nikasimama kando ya tangi la maji moto, nikaweka kidole sikioni na kuadhini kwa madaha ambayo, kusema kweli, hayakuhitajika katika chumba cha watu wanne. Tukaomba dua. Nikachukua tende ya kwanza, kubwa, laini, ile ambayo nilikuwa nimeipigia jicho tangu adhuhuri, nikaitafuna polepole hadi ulimi ukaigusa kokwa. Nikameza. Tende ya pili nikaisukuma kwa uji wa pilipili manga. Kijana wa Kigoma alisema kwamba leo mfungo umekuwa mwepesi ajabu, nami, Mola anisamehe, nikamjibu kwamba mtu akizoea huwa hivyo.

Mzee wetu wa Kasongo, kule Kongo, akakumbuka kwamba barafu iko juu. Tulizisikia hatua zake zikipanda ngazi moja moja, tukausikia mlango ukifunguka, kisha tukasikia kimya. Kilikuwa kimya kirefu. Nilikuwa nimekwisha kuitia mdomoni kaimati nzima, ya moto, na shira ilikuwa imeanza kunitoka pembeni, sauti yake iliposhuka kwa upole mkubwa:

“Shehe, jua iko paka pale.” Kwa Kiswahili cha kwao, yaani jua bado liko pale pale.

Nilipanda ngazi nikiwa na kaimati ndani ya shavu, kwa maana sikujua kama nimeze, niteme, au nibaki hivyo mpaka hukumu itolewe. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na mwanga ukanipiga machoni hadi nikapiga chafya. Jua lilikuwa upande wa ziwa, la manjano, limetulia, halina haraka na mtu. Nilinyoosha mkono, nikakunja ngumi na kuiweka juu ya upeo wa macho. Jua likakaa juu ya ngumi kama yai juu ya kikombe. Nikapima tena kwa mkono wa kushoto, kana kwamba mkono huo ungenihurumia.

Hapo ndipo nilipomwona jirani yangu, bibi mmoja Mmarekani ambaye wiki iliyotangulia nilikuwa nimemweleza, kwa robo saa nzima na kwa ishara za mikono, kwamba sisi hatutii kitu mdomoni mpaka jua lizame. Alikuwa ameketi kibarazani mwake amevaa miwani ya jua. Aliivua. Akalitazama jua, akalitazama shavu langu, akalitazama jua tena, halafu akanipungia mkono taratibu kama mtu anayemuaga msafiri. Nikaitemea kaimati kiganjani, nikampungia kwa mkono ule ule.

Mengine yalikwenda mbio. Tulisukutua, tukajizuia kula kwa muda uliobaki, tukagundua kwamba hata alasiri tulikuwa tumeisali kwa jedwali lile lile, yaani ndani ya adhuhuri, tukairudia, na magharibi ya kweli ikaingia saa 1:19 usiku. Nilijaribu kujitetea kwa shehe kwenye simu kwamba daku nayo tuliiacha saa moja kabla ya wakati, kwa hiyo saa za njaa ni zile zile na hesabu inatoka. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema tulipe siku moja kila mtu, na akauliza kwa heshima ni nani aliyeadhini.

Jana futari ilikuwa kwa huyu wa Mombasa. Alinipokea mlangoni kwa salamu nzuri, akanishika mkono hadi kwenye kiti alichokuwa amekwisha kukiweka peke yake mbele ya dirisha la magharibi, mbali na sahani zote, akaniambia, “Wewe kaa hapa ulitazame, likizama utwambie.” Nilikaa. Kila baada ya dakika tano mzee wa Kasongo aliuliza kutoka jikoni kama bado liko, nami nikajibu kwamba liko.