Karatasi ya Jim Ferris na chupa ya shampeni: ubishi wa Columbo usioisha

Ukitaka kuwasha ubishi kati ya watu wa Lubumbashi waliokua na Columbo, filamu ya mfululizo ya televisheni ya Marekani juu ya luteni mpelelezi, kwa sauti za Kifaransa, taja tu sehemu yake iitwayo Le Livre témoin. Wa upande mmoja wataapa kwamba katika sehemu zote 69 hakuna iliyopangwa vizuri kuipita hii. Wa upande wa pili watakubali karibu yote, kisha wataleta swali lao la siku zote: kama muuaji, Ken Franklin, angefunga kinywa dakika ile ya mwisho, luteni angemfikisha mbele ya hakimu na nini mkononi?

Swali si la kijinga. Ila pande zote mbili zinalijibu vibaya, juu zinakodolea macho karatasi moja na kusahau chupa ya shampeni.

Kisa chenyewe kwanza, kwa wale ambao delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) iliwakatia katikati. Sehemu hii ilionyeshwa Marekani mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1971. Steven Bochco aliiandika, na aliyeiongoza ni Steven Spielberg, kijana wa miaka 24 ambaye hakuna aliyemjua bado. Ken (anachezwa na Jack Cassidy, ambaye alirudi tena kuwa muuaji mwaka 1974 na 1976) na Jim Ferris wametajirika kwa riwaya za upelelezi. Vitabu vina majina mawili, kazi ni ya mmoja: Jim anaandika, Ken anacheka na waandishi wa habari. Sasa Jim anataka kuandika peke yake. Kwa Ken, maana yake ni kwamba mfereji wa pesa unafungwa, isipokuwa ile bima ya maisha ya Jim iliyoandikwa kwa faida yake.

Hila yake ina hatua chache. Anakuja ofisini kwa Jim, Los Angeles, na chupa ya shampeni, eti tuachane kwa amani, na kumwomba waende pamoja kwenye nyumba yake ya mapumziko karibu na San Diego. Wakiwa chini, anajifanya amesahau kiberiti chake cha gesi; anapanda tena peke yake na kuvuruga ofisi ili ionekane watu wameingia kwa nguvu. Njiani anasimama kupiga simu kwenye duka la mama mmoja, Lilly La Sanka, Jim akibaki garini. Wakifika, anamshawishi Jim ampigie bibi yake, Joanna, na kumdanganya kidogo: aseme yuko ofisini, anachelewa na kazi. Jim anasema vile. Risasi inalia kwenye waya.

Hapo ndipo sifa zote za sehemu hii zinastahili. Uongo wa kumwokoa muuaji unasemwa na marehemu mwenyewe, kwa sauti yake, kwa mtu wa mwisho ambaye polisi wangemshuku kusema uongo. Joanna anapolia kwamba bwana yake ameuawa ofisini, anasema alichosikia. Ken hakulipa shahidi wala hakumfundisha mtu maneno. Maiti anairudisha usiku na kuilaza mbele ya nyumba yake mwenyewe, kama kwamba majambazi wamemtumia salamu.

Wanaoipenda wanataja pia mwanzo wake, na hapo nakubaliana nao bila kupunguza. Gari la Ken linakuja barabarani, Jim yuko juu anataipu, na tunachosikia ni mashine ya kuandika tu, taka-taka-taka, hata tunapoliangalia gari kutoka mbali. Hakuna neno. Kwetu sisi tuliozoea sauti za Paris kubandikwa juu ya midomo ya Los Angeles, hizo ndizo dakika ambazo tunaona na kusikia sawasawa na Mmarekani wa 1971.

Kisha kuna dalili ndogo. Joanna anampigia Ken habari mbaya, naye anarudi kwa gari. Kwa nini si kwa ndege? Kati ya San Diego na Los Angeles ni kilomita karibu 190, sawa na kutoka hapa hadi Likasi kisha kuongeza nusu ya njia ile. Mtu ambaye rafiki yake ameuawa anatafuta njia ya haraka. Mtu mwenye maiti kwenye buti hana ya kuchagua. Na usiku ule ule, akiwa “amegundua” maiti ya mwenzake kwenye majani, Ken anakuta barua zake na kuzifungua. Columbo anaona bahasha zilizopasuliwa. Mtu aliyeshtuka hasomi bili.

Lakini hizo ni dalili za kumfanya mpelelezi asilale, hazitoshi kumfunga mtu, na hapo wakosoaji wanaanza kupata nguvu. Silaha ya mwisho ya Columbo ni karatasi aliyoipata kwenye makaratasi ya Jim: wazo la riwaya, limeandikwa zamani, A anataka kumwua B, anampeleka mbali, anamwambia apige simu na kusema yuko kazini. Hila nzima iko pale. Ipeleke basi hapa kwetu. OPJ (polisi wa upelelezi) anayemshika mtu ana masaa 48 tu kwa Katiba ya 2006, kisha amwachie ao amfikishe parke, kwa mwendesha mashitaka. Avokati atasoma karatasi mara moja na kuuliza: mwandiko wa nani? Wa marehemu. Jina la mteja wangu liko wapi? Halimo. California, ambako raia 12 wa baraza la kuamua kesi wanapaswa kukubaliana wote bila shaka ya maana, isingekuwa rahisi zaidi.

Wakosoaji wana hoja nzuri kuliko hiyo, na ni ya simu. Zamani zile simu ya ndani ya mji haikuandikwa moja moja kwenye bili, lakini ya mji hadi mji ililipiwa kwa kila mwito, kwa hiyo kampuni ililazimika kuweka namba iliyopiga, iliyopigiwa, na dakika. Simu ya Jim kutoka nyumba ya mapumziko ilikuwa ya namna hiyo. Bili haisemi nani alishika chombo, kweli, na Ken angeweza kudai ni yeye aliyempigia Joanna. Ila saa ya simu ingekuwa saa ile ile ya mlio wa risasi, na Joanna anajua aliongea na nani. Karatasi moja ya kampuni ya simu ina uzito kuliko kumi za Jim, na Columbo hajengi kesi yake juu yake.

Hoja ya maiti kuhamishwa wanaizidisha. Ni kweli damu ya aliyekufa inashuka upande uliolalia chini na kuacha alama. Lakini alama ile inahitaji masaa kama 8 hadi 12 kabla ya kukaa imara. Maiti iliyogeuzwa mapema inaweza kubadilisha alama zake, na daktari akaona kidogo sana. Matone ndani ya buti ni jambo lingine, hayo yangetafutwa.

Turudi kwenye shampeni. Lilly La Sanka alimwona Jim garini, anajua Ken alidanganya, na anataka dola 15,000 ili anyamaze. Ken anamletea pesa na chupa, wanakunywa, anampiga nayo, anamtupa ziwani kutoka kwenye mtumbwi. Watazamaji wengi wanaona kipande hiki kimeongezwa ili kujaza saa. Wengine wanasema mwandishi alihitaji Ken akosee. Mimi naona hapa ndipo kesi ilipo. Mauaji ya kwanza yaliandaliwa kwa miaka, ya pili kwa siku chache, na yamejaa nyayo: Ken anasema hamjui mama huyu, na dukani kwake kuna kitabu alichomsainia kwa maneno matamu, nyumbani kwake kuna kizibo cha shampeni ya bei ambayo mwenye duka la kijijini hanunui, na benki inajua pesa kiasi gani zilitoka kwenye akaunti ya Ken na siku gani. Hakuna kimoja kinachotosha peke yake. Vikiwekwa pamoja kwenye PV (maandishi rasmi ya polisi), nani ana sababu ya kumwua mwenye duka isipokuwa mtu aliyepita pale na Jim akiwa hai?

Columbo anavitaja haraka haraka, kisha anaiacha karatasi ifanye kazi. Kama upelelezi, huo ni uvivu, na nawaunga mkono wakosoaji. Hata kukiri kwa Ken kusingetegemewa sana: hapa kwetu mshitakiwa anaweza kukana mbele ya hakimu alichosema kwa OPJ, na hakimu ndiye anapima.

Ila angalia Ken anakiri nini. Hasemi “nimeua” kwanza. Anasema wazo lile lilikuwa lake, zuri pekee alilowahi kupata, alimsimulia Jim zaidi ya miaka mitano iliyopita, na nani angedhani yule mjinga angeliandika. Miaka yote amesaini vitabu ambavyo hakuandika hata mstari. Sasa kuna ukurasa mmoja ambao ni wake kweli, umeandikwa kwa mkono wa Jim, na polisi anausoma kama kazi ya Jim.